Utunda mmoja wa Bagamoyo na shanga zake za rangi nne

Bibi alizileta ndani ya kopo la maziwa ya unga: shanga 64, uzi wake umekatika zamani. Ni utunda, ule wa kiunoni, uliopita kwa mama wa mama yake na kwa mama yake kabla ya kumfikia yeye. Anaishi Magomeni ya hapa Bagamoyo, na mjukuu wake wa kwanza wa kike alikuwa anaolewa baada ya Idi. Kabla hatujaketi vizuri barazani alikuwa ameshazigawa mafungu kwenye visahani vya kahawa.

Kisahani cha kwanza kilikuwa na shanga 22 za buluu iliyokolea. "Hizi ndizo zenyewe," alisema. "Za Kaole, za wazee wetu." Kaole ni mji wa kale uliobaki magofu, karibu na Bagamoyo. Karibu nacho aliweka cha pili, shanga 9 za kijani cha bahari. Hizo kwake ni wadogo wa buluu, rangi imefifia tu kwa jasho la miaka. Cha tatu kilikuwa na nyekundu 30, butu, rangi ya tofali la kuchoma, na hakuzionea fahari hata kidogo. Yeye na wenzake waliziokota utotoni kwenye tope la Kaole baada ya masika, zikatiwa uzini kujazia palipopungua. Mwisho zilibaki tatu nyekundu kali, samesame, ambazo alizijua kwa jina.

Mfanyabiashara wa vitu vya kale alikuwa ameshaziulizia zile za buluu kwa bei nzuri. Bibi hakutaka kuuza. Alitaka kumpa bibi harusi zilizo za kale kweli, na zilizobaki awagawie wadogo zake. "Nisigawe urithi kwa kukisia, mwanangu. Nyie si mnapima?"

Tunapima. Vioo na vigae vya kale ndiyo kazi yangu, na kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu nilipotea njia ndani yake, tena nikapotea mahali pale pale alipopotea Bibi, mimi nikiwa na mashine mkononi.

Kioo ni mchanga ulioyeyuka. Mchanga peke yake unataka joto la karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi, na tanuri za kale hazikulifikia. Lazima uongezewe kitu cha kuushusha, na kwetu kitu hicho kina jina la jikoni: magadi, haya haya ya kulainishia maharage na kisamvu. Chokaa nayo hutiwa ili kioo kisije kikaliwa na maji. Mchanga, magadi na chokaa ndio mwili wa kioo, karibu uzito wake wote. Rangi ni chembe zinazoongezwa juu ya hapo. Kobalti chini ya sehemu moja katika elfu inatosha kuifanya chungu nzima ya kioo kuwa buluu ya usiku. Shaba hutakiwa zaidi, kiasi cha asilimia moja hivi, na bado ni kidogo mbele ya mchanga.

Kwa hiyo anayetafuta asili ya ushanga huuliza kwanza habari za mwili. Magadi ya kioo cha Warumi yalichimbwa Misri, Wadi Natrun, nayo ni masafi: potasiamu na magnesi ndani ya kioo hicho hazifiki asilimia 1.5. Kuanzia karne ya 9 mafundi wa Misri na Shamu walihamia kwenye majivu ya mimea ya nchi za chumvi, na majivu huja na potasiamu na magnesi yake, hivyo viwango vikapanda juu ya hapo. India walikuwa na njia ya tatu. Walikwangua magadi yanayochanua juu ya udongo wakati wa kiangazi, wakayachanganya na mchanga uliotokana na miamba ya matale, na kioo kikatoka na alumina (oksidi ya alumini) nyingi, zaidi ya asilimia 5, huku magnesi ikibaki chini. Ulaya ya kati walichoma miti ya msituni, na majivu ya miti yakawapa kioo cha potasiamu. Ukiujua mwili, umeshaujua upande wa bahari au wa msitu ambako tanuri lilisimama.

Tulianza na hadubini ndogo mezani kwa Bibi, taa ya simu ikimulika kutoka ubavuni. Nyekundu butu zilipendeza kuliko zilivyoonekana kwa macho. Ndani ya wekundu kulikuwa na mistari myembamba, myeusi, inayokwenda sambamba na tundu, na mapovu yaliyovutika upande huo huo kama punje za mchele. Hiyo ni alama ya ushanga wa kuvutwa: kioo laini hutobolewa kati, huvutwa kikawa mrija mrefu mwembamba, mrija hukatwakatwa, vipande hupashwa moto tena mpaka kingo zikaviringana. Kijijini Papanaidupet, Andhra Pradesh, kusini mwa India, mafundi wameendelea kuvuta shanga kwa njia hiyo hadi nyakati zetu. Kijani cha bahari zilikuwa hivyo hivyo, mapovu marefu, miisho ya mviringo.

Za buluu zilikuwa na pande sita. Pembe zake zilisagwa, na juu ya kila pembe iliyosagwa ungeona mikwaruzo midogo ya jiwe la kusagia, wakati pande zenyewe zinang'aa kama zilivyotoka motoni. Niliyaandika hayo kwenye daftari. Kisha nikachukua mashine, na daftari nikalifunga. Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Mashine yenyewe ni ya eksirei, ya mkononi, umbo lake kama drili ya ukutani. Inaupiga ushanga kwa eksirei, eksirei inang'oa elektroni ya ndani ya atomi, elektroni ya nje inashuka kuziba pengo, na katika kushuka kwake inatoa eksirei yenye nishati isiyobadilika kwa elementi ile. Chuma husema kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 6.4, shaba kwenye 8.05. Skrini huonyesha mlolongo wa vilele, na programu huandika majina. Sodiamu haisikiki, maana eksirei yake ni dhaifu na hewa huimeza njiani, na alumini husikika kwa shida. Tena mashine husoma ngozi ya ushanga. Nyekundu za Kaole zilikuwa na ganda jeupe la chokaa ya matumbawe, kwa hiyo kipimo cha kwanza kilipandisha kalisiamu mno. Tuliziosha kwa maji yaliyochujwa na brashi laini, tukapima tena, kalisiamu ikashuka. Hilo nililitarajia.

Nisilolitarajia lilitoka kwa zile za buluu. Programu iliandika: risasi, ile metali nzito. Nikazipima kijani cha bahari, ikaandika: risasi, bati, shaba. Nikajiridhisha. Mafungu mawili yanayokaribiana rangi, yote yana risasi. Maneno ya Bibi yamesimama. Jioni ile nilimpigia simu, nikamwambia kwamba huenda ni ndugu kweli. Alifurahi sana, na furaha yake ilinikalia moyoni siku tatu zilizofuata, maana kulikuwa na kitu hakijatulia kichwani mwangu.

Siku ya tatu nilikaa kuvipitia vilele kimoja kimoja, bila kuangalia majina ya programu. Kilele kikuu cha risasi huwa kwenye 10.55. Kilele kikuu cha aseniki huwa kwenye 10.54. Mashine ya mkononi haiwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Ni watu wawili wanaojibu kwa sauti moja mlangoni. Unayemtaka unamtambua kwa sauti yake ya pili. Risasi ina kilele kingine kwenye 12.61, karibu kirefu kama cha kwanza. Aseniki ina cha pili kwenye 11.73, kifupi. Katika kijani cha bahari, 12.61 palisimama kilele kizuri: risasi ya kweli. Katika buluu, 12.61 palikuwa tambarare kama uwanda wa chumvi, na kwenye 11.73 palikuwa na kilima kidogo katika kila ushanga, zote 22.

Basi haikuwa risasi hata kidogo. Ilikuwa aseniki.

Baada ya hapo mengine yalijipanga yenyewe. Kobalti husema kwenye 6.93, na kilele cha pili cha chuma kiko 7.06, kwa hiyo kobalti hujificha kwenye bega la chuma. Lakini kilele cha pili cha chuma hakizidi kama sehemu moja ya nane ya kile cha kwanza; kilichozidi hapo si chuma. Katika buluu kilizidi mno. Karibu yake, kwenye 7.48, palikuwa na nikeli. Kobalti, aseniki na nikeli kwa pamoja ni jamaa wanaofahamika: ndivyo yalivyo mawe ya kobalti ya milima ya Saxony, Ujerumani, sehemu za Schneeberg, yaliyotiwa kwenye vioo vya Ulaya kuanzia karne ya 16. Na mwili? Potasiamu ilisimama juu, kalisiamu nyuma yake. Majivu ya miti. Nikafungua daftari nikasoma nilichokiandika mwenyewe siku ya kwanza, pande sita na pembe zilizosagwa, na hiyo ni kazi ya mafundi wa Bohemia, nchi ya Cheki ya leo, ya karne ya 19. Jicho lilikuwa limeshajibu kabla ya mashine. Sikulisikiliza.

Nilirudi Magomeni kwa miguu yangu. Jambo kama hilo haliambiwi kwenye simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekuchachuka?"

Nikamweleza kwamba nilikosea, na kwamba za buluu hazikutoka Kaole ya wazee. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Hiyo aseniki, si ndiyo sumu ya panya? Mimi nimewalea watoto wanne wakizinyonya hizo." Nikamwambia ukweli kwamba aseniki imefungwa ndani ya kioo na haitoki kwa kuvaliwa, na kwamba mtoto wa leo bado asipewe azitafune, maana ushanga uliopasuka ni jambo jingine. Alizisogeza kidogo mbali na kitukuu aliyekuwa akitambaa mkekani.

"Kama za Ulaya, zilifikaje kiunoni kwa mama wa mama yangu?"

Hapo historia ya mji wetu inajibu bila mashine. Katika karne ya 19 shanga zilikuwa fedha ya njia ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba nguo, waya na shanga, na kila nchi ya njiani ilikuwa na rangi yake iliyokubalika; ukibeba isiyo ya msimu, unakufa njaa na mzigo wako mzima. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walishukia Kaole mwezi Juni 1857 kuanza safari yao ya kwenda kwenye maziwa makuu, na Burton aliyaandika majina ya shanga kama alivyoyasikia pwani. Samesame ameieleza vizuri: nyekundu kali juu ya moyo mweupe. Watu waliiita pia kimaliza-pamba, yaani kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu angetoa chakula chake aipate, na kivunja-mji, kwa kuwa wanawake wangeifilisi nyumba kwa ajili yake. Nilichukua mojawapo ya zile tatu, nikamwonyesha Bibi tundu lake kwa hadubini. Moyo mweupe ulikuwa pale, kama nazi ndani ya kifuu chekundu.

"Kivunja-mji," alirudia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akakumbuka kwamba babu wa mama yake alikuwa akihesabu mizigo kwenye ghala la Mhindi, pale karibu na forodha. "Kumbe sisi ni watu wa Bagamoyo, si wa Kaole." Nilimkatiza kwa adabu. Ushanga husema ulikotoka kioo, hausemi alikotoka mtu aliyeuvaa. Alikubali, ingawa nilimwona bado anaigeuzageuza ile habari ya ghala.

Zilibaki nyekundu butu na kijani cha bahari, na hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi.

Wekundu wa tofali unatokana na shaba. Fundi hulinyima tanuri hewa, moshi unajaa, na shaba ndani ya kioo inakosa oksijeni, inajikusanya kuwa chembe ndogo mno za shaba tupu. Hizo ndizo jicho huziona nyekundu. Acha hewa iingie, shaba ile ile inakwenda kwenye rangi ya feruzi. Tia humo manjano ya risasi na bati, na utapata kijani cha bahari kizito, kisichopitisha mwanga. Ndiyo maana ya risasi na bati tulizozikuta: ni rangi ya manjano iliyotiwa, si mwili.

Mwili wenyewe ulikuwa mmoja. Katika nyekundu na katika kijani, elementi iitwayo zirkoni ilisimama kwa namna ile ile, na pembeni ya kilele cha rubidi palikuwa na nundu ya urani kwenye 13.61. Ni chembe za kuhesabika katika milioni, hazimdhuru mtu, lakini kwa mpimaji ni kama alama ya fundi iliyochorwa chini ya chungu. Kwa mashine ya mkononi nisingeweza kuthibitisha alumina. Tukaomba kibali kwa Idara ya Mambo ya Kale, nyekundu mbili na kijani moja zikasafiri kwenda kupimwa kwa leza. Leza huchimba tundu lisilozidi sehemu ya kumi ya milimita, mvuke wake hupelekwa kwenye spektromita, mashine inayotenganisha elementi, na zaidi ya elementi 50 husomwa kwa mara moja. Zilirudi nzima. Bibi alizikagua juani akasema hajaona shimo.

Alumina ilikuwa juu, magnesi chini, urani juu, bari chini. Laure Dussubieux wa Field Museum ya Chicago na wenzake, wakiwemo watafiti wa Afrika Mashariki, waliyagawa mafungu ya kioo hiki cha India kwa kufuata elementi hizo ndogo. Fungu la kwanza, la Sri Lanka na kusini mwa India, lina bari nyingi na urani kidogo. Fungu la pili ni kinyume chake, na limepatikana Chaul, bandari ya kale ya India ya magharibi, kusini ya Mumbai, na pia katika miji ya kale ya pwani yetu. Shanga za Bibi ni za fungu la pili. Nyekundu na kijani, zote tatu.

Kwa hiyo ndugu wa kijani cha bahari hawakuwa buluu wa kisahani cha jirani. Walikuwa zile nyekundu za kujazia. Mchanga wao mmoja, magadi yao mamoja. Kilichowatenga ni hewa ya tanuri na manjano kidogo. Nilipomwambia, Bibi alikaa akivitazama visahani, halafu akachukua kijani moja moja na kuzihamishia kwenye kisahani cha nyekundu. Alipofika ya sita akasimama. "Hata hizi tuliziokota. Sasa nimekumbuka. Dada yangu alikuwa akizipenda, akazitia pamoja na buluu."

Kuhusu umri nilikuwa mwangalifu. Kioo hakipimiki kwa kaboni, na mashine zote mbili hazitoi tarehe. Tarehe hutoka kwenye tabaka la udongo ushanga ulimolala, pamoja na vigae na mkaa wa jirani zake. Kaole, kilomita 5 hivi kutoka mjini, ina misikiti miwili na makaburi ya nguzo yaliyokuwa na bakuli za Kichina, na msikiti wa kwanza huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Ushanga uliotoka kwenye shimo la mchimbaji una tabaka lake kwenye kumbukumbu. Ushanga uliookotwa na mtoto kwenye tope hauna. Hili huniumiza kila mara, na sisemi kwa kumlaumu Bibi. Alikuwa mtoto wa miaka saba anafurahia rangi. Lakini shanga 39 za utunda ule zingeweza kueleza lini Kaole ilinunua kutoka India ya magharibi, na sasa zinaeleza kwamba ilinunua, basi.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa amali ya kale kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Za Kaole zinaingia humo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza zitakaa wapi, nikamwambia kwenye makumbusho madogo pale pale Kaole, zikiwa na maelezo. Alimpa bibi harusi zile 22 za buluu na samesame tatu, akijua sasa zilikotoka, na nyekundu na kijani akazifunga kwenye kitambaa.

Tulizipeleka siku ya maji kupwa. Baada ya kukabidhi, aliomba twende chini, upande wa mikoko. Alitembea mbele yangu na mkongojo wake, bila kuuliza njia, akapita nyuma ya msikiti mkubwa, akateremka hadi pale ambapo mvua hulimega tope, akasimama. "Hapa. Kuanzia kwenye ule mkoko uliolala mpaka huku. Dada yangu alikuwa anapenda upande ule." Nilisoma vipimo vya satelaiti, nikapiga picha za ukingo. Kwenye mmego, kiasi cha kiganja kutoka juu, ulionekana mstari mweusi wa majivu, na chini yake vigae viwili. Ndani ya mstari ule kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama punje ya mtama.

Bibi aliiona kabla yangu. Aliinama, mkono ukaenda, ukasimama hewani.

"Andika kwanza, mwanangu," alisema.